Nimeunga Mkono

Kabla hamjaniuliza kwa mara ya arobaini: ndiyo, ni mimi kwenye ile picha ya kikao cha mtandaoni, mwenye ndege mkononi. Hapana, sikuwa nachezea kidege kazini. Na yule rafiki yangu aliyeisambaza kwa maneno "mwenzetu karudi chekechea" ajue kwamba ile si kidege, ni modeli ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba hili deni nitalilipa.

Kwenye simulizi yake eti niligandisha ndege kwenye paji la uso, nikalia, nikapelekwa hospitali. Uongo mtupu. Hospitali sikwenda.

Tulio pamoja siku zote mnajua nilipokuwa nimefikia. Wiki ya tatu nimejifungia ndani ya chumba cha rubani, ambacho kwenye kipimo cha 1:48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi) dole gumba langu haliingii. Mikanda ya kiti ni vipande vya shaba vyembamba kuliko karatasi. Nilivipasha kwenye moto wa mshumaa vilegee, nikavilaza juu ya kiti kama mkanda halisi unavyolala ukiachwa. Saa za dashibodi nilizidondoshea vanishi angavu, tone moja moja, zing'ae kama zina vioo. Na bawa la kushoto, jamani, lile bawa! Jioni nne mfululizo nalipiga ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshikilia bati la ndege, kwa ncha ya sindano, mstari kwa mstari, ramani ya ndege iko pembeni. Mke wangu akauliza hizo ribiti nani ataziona. Nikamwambia mimi nitajua zipo. Akaniangalia hivyo hivyo mnavyoniangalia nyie sasa hivi.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu kabla sijafunga kioo cha mbele: kioo cha kulengea. Kwa wageni, rubani wa Spitfire mwaka 1940 hakuwa anakodolea ncha ya chuma. Mbele ya uso wake kulikuwa na kipande cha kioo kimelala mshazari, taa kwa chini inarusha duara la mwanga juu yake. Anamweka adui ndani ya duara, anabonyeza, bunduki 8 za mabawani zinaongea. Kwenye 1:48 mtambo wote huo ni kama punje ya mchele iliyovunjika. Kile kioo chenyewe nilikikata kwenye plastiki ya kifungashio, milimita 2 kwa 2, mara sita, kwa sababu vitano vya kwanza vilitoka na kona zisizoridhisha. Msiniulize kona za milimita 2 zinaridhishaje.

Basi bwana, siku hiyo nafanya kazi nyumbani. Saa nne asubuhi kikao cha idara, watu karibu arobaini, mada ni bajeti. Nikazima kamera, nikazima maiki, nikavaa miwani yangu ya kukuzia, ile yenye taa mbili inayofanya macho yawe kama ya bundi, nikasogeza kompyuta pembeni. Masikio yako kikaoni, mikono iko vitani.

Hapa naomba niende polepole, maana hapa ndipo rafiki yangu hakuwepo.

Nikakinyanyua kile kioo cha kulengea kwa kibano. Nikachovya unyayo wake kwenye tone la supaglu. Nikashusha pumzi nusu, nusu nyingine nikaibana. Nilikuwa nimeinama kiasi kwamba ndevu zangu zingeweza kumpangusa rubani vumbi, kama angekuwepo. Milimita kumi. Milimita tano. Spika inasema, "Tukiangalia safu ya tatu..." Milimita mbili.

Tik.

Mnaijua ile tik. Aliyewahi kushika kitu kidogo kwa kibano anaijua, na najua mwili wake umesisimka hapo alipo. Kibano kilikuwa kimefumba, na katikati ya meno yake hakukuwa na kitu. Hewa.

Nikageuza kichwa haraka kulia, kana kwamba macho yanaweza kukimbizana na plastiki. Kiwiko kikafuata kichwa. Chupa ya supaglu, ambayo mtu mwenye akili angekuwa ameshaifunga, ikalala ubavu juu ya bawa la kushoto. Likatoka tone moja nono. Likakaa pale juu ya ribiti zangu, linameremeta, halina haraka.

Nyuma ya tone kulikuwa na karatasi laini. Nilikuwa nimeiweka pale mwenyewe kwa ajili ya dharura kama hiyo, na niliiona. Lakini mkono wa kulia haukusubiri amri. Ukalidaka bawa zima, dole gumba juu, vidole vitatu chini, kama mtu anayedaka glasi isianguke. Nikasikia ubaridi, halafu ujoto. Supaglu inagandishwa na unyevu, wadau, ndiyo maana hakuna inachokipenda kama ngozi ya mtu. Na mimi nilikuwa nimelowa jasho tangu ile milimita kumi.

Nikavuta. Ngozi ikaja, bawa likaja, Spitfire nzima ikaja.

Na ndipo spika ikasema: "Sawa. Naomba kila mtu awashe kamera, tupige kura kwa mikono ili tuonane."

Nikawasha kamera kwa mkono wa kushoto. Lishikeni hilo. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, mkavu, huru, hauna deni na mtu. Ule wa kulia niliuficha chini ya meza pamoja na Jeshi la Anga la Uingereza. Nikatulia. Nikaweka sura ya bajeti. Miwani ya kukuzia nilikuwa nimeisahau usoni na taa zake zinawaka, lakini hilo tuliache, kila mtu ana utaratibu wake.

"Wanaounga mkono hoja?"

Ndugu zangu, tangu darasa la kwanza nikisikia maneno hayo mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe. Haupiti kichwani kuomba ruhusa. Ukapanda. Niliuona kwenye kile kidirisha changu kidogo ukitokea chini ya meza: kwanza ncha ya bawa, halafu pua, halafu mkia, halafu mimi nyuma yake nikiwa na macho ya bundi. Spitfire ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936. Ya kwangu iliruka saa nne na dakika ishirini, ikapanda vizuri tu, ikasimama hewani usawa wa sikio langu. Na pangaboi, ambalo sikulitia gundi makusudi ili liwe linazunguka, likazunguka.

Kimya. Vidirisha arobaini, hakuna anayepepesa. Kulikuwa na nafasi bado ya kuushusha. Sikuushusha. Niliona nikiushusha itaonekana nimebadili msimamo.

Mkurugenzi akasogea karibu na kamera yake. "Samahani, wewe hapo... unaunga mkono?"

Nikawasha maiki. "Nimeunga, bosi."

"Naona."

Sekunde hiyo ndiyo aliyoipiga picha yule mwenzenu. Na niseme ukweli unaoniuma: kwa maisha yangu yote ya kuandika, sijawahi kusema neno lenye maana mbili zote sahihi kiasi kile, na nililisema kwa bahati mbaya.

Yaliyofuata ni ya haraka. Hoja ilipita. Nikazima kamera, nikakimbilia kwa mke wangu, mke wangu akakaa chini kwanza acheke vizuri, halafu akaleta asetoni yake ya kuondolea rangi ya kucha. Najua. Najua! Mimi mwenyewe nimewaandikia hapa mara ngapi kwamba asetoni inalegeza supaglu lakini polistirini, plastiki ya modeli zetu, inaila kama mchwa? Maji ya uvuguvugu, sabuni na subira vingetosha. Subira ndiyo ilikuwa imekwisha. Vidole vikatoka. Ribiti za jioni nne nazo zikatoka, zikawa uji wa kijivu, na uji ulipokauka ukaacha alama ya dole gumba langu katikati ya bawa, mistari yote inasomeka. Nimepima: upana sentimita 2. Kwenye ndege halisi hiyo ingekuwa sentimita 96. Rubani angerudi kambini na alama ya dole la karibu mita moja bawani, na asingekuwa na maelezo.

Usiku, vidole vikiwa bado kama magamba, nikasoma kidogo historia ya adui yangu. Mwaka 1942 mkemia Mmarekani Harry Coover na wenzake walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea bunduki vitani. Wakaangukia kitu kinachong'ang'ania kila kinachokigusa, wakakiweka kando kwa kero. Miaka baadaye ndipo kikauzwa kama gundi. Yaani hii kitu ilishindwa na kioo cha kulengea kabla sijazaliwa, mimi nikaenda kuwakutanisha tena mezani kwangu.

Na chenyewe hakikuonekana. Nilifunga soksi ya nailoni mdomoni mwa mashine ya kufyonza vumbi, nikapitisha zulia lote, nikapata chemchemi ya kalamu, kucha (sijui ya nani) na kipande cha ndege niliyoimaliza mwaka juzi. Nikalala chali na tochi. Nikakung'uta slipa. Saa mbili nzima. Nikakubali yaishe.

Jana jioni akanitumia ujumbe dada mmoja wa uhasibu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitaja chombo chochote chenye bawa. Nikajua nimekwisha, naye anakuja kucheka. Akaandika: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimeikuza ile picha. Mbona juu ya dashibodi hakuna kioo cha kulengea?"

Watu arobaini wameangalia ile picha, wameona mjinga. Mmoja kaangalia dashibodi. Nilitaka kulia (mara ya pili, sawa). Nikamweleza kiliruka, nimetafuta, kimepotea.

Akakaa kimya dakika kama mbili. Ikarudi picha ileile, imekuzwa zaidi, na juu yake kachora duara jekundu. Duara lilikuwa kidevuni kwangu. Ndani yake, katikati ya ndevu, kitu kidogo cha pembe nne kinang'aa.

Nikaweka mkono. Kipo. Nilikuwa nimekaa nacho kikaoni, nimelala nacho, nimepiga mswaki nacho, nimetambaa nacho zulia zima nikikitafuta.

Nimekikata kwa mkasi. Kona zote nne nzima, hazina hata mkwaruzo. Kimetoka na nywele tatu. Mbili nimezing'oa kwa kibano, ya tatu imegoma kabisa na asetoni sigusi tena. Kwa hiyo nimekipachika nayo. Atakayeuliza ataambiwa ni waya wa ile taa.