Umakonde wa Kufundishwa Sinza

Minada ya korosho ikianza Oktoba, wasanii wa Dar wanakumbuka kwamba Mtwara ipo. Wanakuja wa bongofleva, wanakuja wa singeli, na siku hizi wanakuja wachekeshaji wa jukwaani. Sina ugomvi nao. Hela ya korosho ipo iliwe, na watu wa Kusini tunapenda kucheka kuliko tunavyosemwa. Ugomvi wangu ni na yule Mmakonde wao.

Unamjua. Kachorwa mistari ya wanja mashavuni, kabandikwa kizibo cha soda juu ya mdomo ndiyo iwe ndonya, lile pambo la mdomo wa juu la bibi zetu, anasema “ntu”, “ntoto”, “nkate”, na kila baada ya maneno mawili anatafuta panya. Haelewi lifti, haelewi simu, hata mapenzi haelewi. Nimemwona kwenye runinga tangu niko shule, kisha nikaja kumwona ana kwa ana katika ukumbi mmoja hapa mjini, kiingilio nimetoa mwenyewe. Watu walicheka, nami nilicheka. Jamaa kazi anaijua. Katikati ya shoo mama mmoja wa viti vya mbele akasimama, akafunga kanga yake vizuri, akamjibu kwa Kimakonde. Maneno marefu, na mkono kiunoni. Ukumbi ukalipuka kuliko ulivyolipuka usiku mzima. Mchekeshaji akabaki anatabasamu, hajaambulia hata neno moja, akampa ishara DJ apandishe muziki.

Wanaomtetea husema ni utani tu, Watanzania tunataniana. Haya, tuuzungumze huo utani. Huku kwetu Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwera tunasemana kila siku. Nikifiwa, mtani anakuja msibani kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, na anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Ananiambia maneno ambayo ndugu yangu akiyasema tutafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila akifiwa yeye, zamu inakuwa yangu, na deni nitalipa na riba. Halafu mtani ananijua. Amekula samaki nchanga kwetu (ndiye huyo panya wenu, na akikaushwa vizuri ni mtamu, msibishe kabla hamjaonja). Mchekeshaji wa jukwaani hafiwi nasi. Anasema, anachukua chake, anapanda basi la alfajiri.

Na biashara ya kuwaweka watu jukwaani watazamwe ni ya zamani. Mwaka 1896 Berlin ilifanya maonyesho ya kikoloni. Watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wa Afrika Mashariki wakiwemo, wakawekwa kwenye vijiji vya bandia ili wenye mji waje kuwashangaa. Miaka 10 baadaye mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, akafika huku, akapanda mpaka Newala na kamera yake na mashine ya kunasia sauti. Nembo (zile chale za mwilini) na ndonya za bibi zetu zikasafiri hadi Leipzig kwa njia hiyo.

Marekani nako, kuanzia miaka ya 1830, Wazungu walijipaka usoni masizi ya kizibo cha chupa kilichochomwa (kizibo tena, angalia) wakaigiza Mweusi mjinga, na watu wakajaa kumbini. Mhusika mmoja wa michezo hiyo, Jim Crow, jina lake likaja kubandikwa kwenye sheria za ubaguzi. Lakini mimi anayeninyima usingizi ni Bert Williams. Mchekeshaji mzaliwa wa Bahama, Mweusi mwenyewe, ngozi yake maji ya kunde, na bado akawa anajipaka masizi ili awe Mweusi wanaomtaka wakata tiketi. Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker walipanda Broadway na mchezo uliotungwa na kuchezwa na Weusi, wakaupeleka mpaka London. Mwaka 1910 akachukuliwa na kundi kubwa la Wazungu, akawa nyota wao. Masizi hakuyaacha. Alifariki mwaka 1922.

Nasi tunao akina Bert Williams wetu. Kuna kijana wa Tandahimba, namwita mdogo wangu, ambaye akikaa kijiweni chai inapoa watu wanamsikiliza. Alikwenda Dar kwenye usaili na kisa chake mwenyewe, cha karani wa chama cha msingi na mizani ya korosho ambayo kila mkulima akigeuka inapungua. Wakamwambia kisa kizuri, tatizo hasikiki Mmakonde. Wakamkalisha chini wakamwelekeza. Akaweka “ntu” na “ntoto”, akachorwa wanja, kazi akapata. Akanipigia simu anacheka: “Kaka, Umakonde nimekuja kufundishwa huku Sinza.”

Nilicheka naye, na simu ilipokatika sikucheka tena.

Wala tusijifanye malaika. Wachongaji wetu enzi za ukoloni walichonga vinyago vya mapiko vyenye sura za Wazungu na Wahindi, vikavaliwa ngomani, kijiji kizima kikawacheka. Sioni haya kwa hilo. Waliochekwa walikuwa na bunduki, duka na daftari la kodi.

Sitaki mtu afungiwe, wala sitaki ile kawaida yetu ya klipu kusambaa, msanii kuomba radhi Instagram huku analia, na baada ya wiki mbili mdhamini karudi. Ninachotaka kukiona jukwaani ni mchezo wa huyo kijana na bosi wake wa Sinza: bosi ambaye hajawahi kuvuka Mto Rufiji anamfundisha mtoto wa Tandahimba jinsi ya kuwa Mmakonde, anamkosoa lafudhi, anampima kizibo mdomoni. Hicho ndicho kichekesho, na mjinga wake ni mwingine kabisa. Aibu ya tasnia yetu imelala hapo, haijaguswa na mtu.

Kijana mwenyewe yuko tayari kuuandika. Kile kisa cha mizani bado anacho pia, kila msimu kinaongezeka kidogo. Mapromota wanaojipanga kwa Oktoba, namba yake ninayo.