Viti 30,000 Olmoti, timu iko wapi?

Machalii wa Chuga, yaani Arusha, wakikutana siku hizi ni hesabu tu. Uwanja wa AFCON kule Olmoti ni wa watu 30,000, uwanja wetu wa zamani, Sheikh Amri Abeid, unachukua 20,000, kwa hiyo tumeipita Tanga, tumeipita Mbeya, ingawa Dar wanatuzidi kwa Mkapa yenye viti 60,000. Sawa. AFCON ya 2027 ikiisha na wageni wakishapanda ndege zao KIA, nani atacheza pale kila wiki?

Kwa maoni yangu, ukubwa wa uwanja hausemi kitu mpaka utaje timu inayouita nyumbani. Uwanja wa Chamazi kule Dar ni wa watu 10,000 tu, lakini Azam wana pa kwao. Bukoba ina Kaitaba na Kagera Sugar. Ruangwa, ambayo ni wilaya tu, ina Namungo na Uwanja wa Majaliwa. Sisi, jiji zima la watalii, mara ya mwisho kushangilia timu ya hapa Ligi Kuu ilikuwa JKT Oljoro, walioshuka 2014. Baada yao tumekuwa na Mbuni na TMA wakihangaika Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, zote timu za jeshi. Sina ugomvi na jeshi, mpira wanaupiga. Ila muuza mitumba wa soko la Kilombero hana kadi ya uanachama ya timu ya kambini, na wala hajawahi kuombwa achukue. Moshi nao walionja na Polisi Tanzania pale Ushirika, wakashuka 2023.

Matokeo yake tumekuwa wenyeji wa sherehe za wenzetu. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022, Yanga na Coastal Union, ilichezwa hapa hapa Sheikh Amri: 3-3, Sopu akawafungia Coastal yote matatu, Yanga wakabeba kombe kwa penalti. Machi 2025 Coastal wakarudi, safari hii kama wenyeji wa Simba, Mukwala wa Simba akawapiga mabao matatu peke yake. Fikiria hiyo picha: wenyeji ni wa Tanga, wageni ni wa Dar, na watu wa Arusha, waliolipa kiingilio na kuujaza uwanja, wengi wao wanawashangilia wageni! Nje ukutani, jezi zinazoning'inia ni nyekundu na njano. Ukiulizia ya Mbuni, muuzaji anakuangalia kama umeulizia samaki sokoni kwa vitunguu.

Tena hiyo 20,000 ya Sheikh Amri tuichukulie kwa tahadhari. Ni hesabu ya kubanana bega kwa bega kwenye ngazi za saruji. Mpe kila mtu kiti chake chenye namba uone itabaki ngapi. Uzuri wake ni kwamba uko katikati ya mji, unashuka kifodi unatembea hatua chache umefika. Olmoti si hivyo, na shabiki wa mechi ya katikati ya wiki saa 10 jioni hafuati viti, anafuata timu yake.

Brazil wameshayaona haya. Manaus ilijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa Kombe la Dunia la 2014, mechi nne zikachezwa, mji ukabaki na uwanja lakini bila timu ya daraja la juu ya kuujaza.

Dawa haiko mbali. Dodoma Jiji ni timu ya halmashauri, KMC ni ya manispaa ya Kinondoni, Mbeya City nayo ilizaliwa halmashauri. Arusha ina kampuni za utalii zinazopigania hata nafasi ya kubandika nembo kwenye gari la mtu. Hawakosekani wa kudhamini jezi. Wapo watakaosema jiji lina barabara za kujenga kwanza, na hoja yao ni nzito. Lakini nyasi za Olmoti zitataka maji kiangazi, taa zitataka umeme, na bili hizo zitakuja hata kama hakuna mechi. Afadhali ziwe na timu inayoingiza viingilio. Bajeti ya jiji inapitishwa kabla ya Julai, na kila kata ina diwani wake. Muulizeni.