Uzamivu si lazima Ulaya

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu kusomea uzamivu (PhD) wa sayansi na uhandisi ametaja nafasi za Ujerumani na Uingereza tu. Jamani, na Arusha je? Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru inafundisha hadi uzamivu, na tatizo la kutafiti liko mlangoni: floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru vinapita hapo mbali, watoto wanaota meno ya kahawia. Kuchuja maji hayo kwa bei ya mwanakijiji ni uhandisi mzito kabisa! Vijana, ombeni. Ila ulizeni mapema nani analipia kemikali na vipimo vya maabara, maana ada peke yake haimalizi utafiti.