Skani ya maiti: asilimia 32 na asilimia 16

Wanaopinga skani ya CT (picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili) kutumika badala ya kisu cha upasuaji wa maiti katika kutafuta chanzo cha kifo hutegemea utafiti wa Manchester na Oxford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet. Maiti 182 za watu wazima zilipigwa picha kisha zikapasuliwa, na katika asilimia 32 chanzo kilichosomwa kwenye CT kilitofautiana sana na kile cha upasuaji. Hoja hiyo ni nzito, kwa kuwa miongoni mwa yaliyokosewa ni ugonjwa wa mishipa ya moyo na mgando wa damu mapafuni, maradhi yanayoua ghafla.

Utafiti huohuo, hata hivyo, una takwimu ya pili isiyotajwa sana. Wataalamu wa radiolojia, yaani madaktari wanaosoma picha hizo, waliulizwa, kwa kila maiti, kama wanaona upasuaji hauhitajiki tena. Waliposoma picha za CT walisema hivyo katika asilimia 34 ya maiti, na katika kundi hilo tofauti kubwa zilishuka hadi asilimia 16, kiwango ambacho watafiti wenyewe walikiona kuwa sawa na cha makosa ya vyeti vya vifo vinavyoandikwa na madaktari. Vyeti hivyo watu huzikia na kurithiana kwavyo bila kuulizana. Sioni sababu ya skani kudaiwa usahihi ambao cheti hakidaiwi. Upasuaji nao si mizani isiyokosea. Utafiti wa Leicester wa mwaka 2017, ulioongeza rangi maalumu katika mishipa ya moyo wakati wa skani, ulipata chanzo cha kifo katika asilimia 92 ya maiti 210, na ukabaini kwamba majeraha na uvujaji wa damu ndiyo yaliyoelekea kuukwepa upasuaji.

Ni kweli kwamba kifo chenye dalili za mauaji bado kinahitaji kisu. Lakini vifo vingi havina shaka ya namna hiyo, na kwa Mwislamu au Myahudi anayetaka kumzika mzazi wake upesi, mwili ukiwa mzima, jambo hili si la starehe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba ombi la imani kama hilo lazima lizingatiwe endapo skani ina matumaini ya kutosha ya kutoa jibu. Kinachobaki kuniudhi ni malipo: katika wilaya nyingi za huko familia imetozwa takriban pauni 500, ilhali upasuaji hulipiwa na serikali, na eneo la Lancashire limeonyesha tangu mwaka 2018 kwamba skani inaweza kuwa hatua ya kwanza bila familia kudaiwa chochote.