Wenzetu hawatuzidi akili, wanaandika tu yaliyowaangukia

Kila nikipiga simu nyumbani lazima nisikie ile kauli, eti huko uliko watu wana vichwa ndo maana wako mbali. Mi ni injinia wa majengo, nimefanya kazi kwetu na sasa niko Uingereza, na nawaambia kwa roho safi kabisa mainjinia wakali niliowahi kukaa nao meza moja wengi ni wa nyumbani. Kuna wazee kule anaangalia ufa ukutani anakwambia msingi umetitia upande gani na hata futi hajaitoa mfukoni. Tatizo mzee huyo akistaafu anaondoka na kila kitu, hajaacha mstari hata mmoja, halafu aliyekuwa msaidizi wake anaanza upya kujifunzia kwenye majengo ya watu.

Huku nilichokikuta ni kwamba fani inakua kwa aibu iliyochapishwa. Chukua Ronan Point, jengo la ghorofa 22 London, mwaka 1968. Mkazi wa ghorofa ya 18 anawasha jiko la gesi alfajiri achemshe chai, gesi inalipuka, inasukuma ukuta, na kona nzima ya jengo inaporomoka kuanzia juu mpaka chini. Watu 4 wakafa, na jengo lenyewe bado jipya, watu wameanza kuhamia miezi kama miwili tu nyuma. Sasa kilichofuata ndo mi kinanivutia, uchunguzi ukafanyika hadharani, ripoti ikatoka mwaka huohuo, na 1970 kanuni za ujenzi zikabadilishwa kwamba jengo likipoteza kipande kimoja lisiondoke lote. Leo kijana aliyeajiriwa juzi anapiga hesabu hiyo kila siku na anajua kabisa imetoka wapi.

Watu wa ndege ndo wametuacha kabisa. Tangu 1976 Marekani kuna mfumo ambao rubani anajiripoti mwenyewe makosa yake kwa siri, na taarifa zinapokewa na NASA kwa sababu NASA haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Yaani walikaa wakajua kabisa kwamba mtu hawezi kusema ukweli kwa yule yule atakayemuadhibu!

Kwetu je? Jengo likianguka inaundwa tume, kamera zinakuja, mkandarasi anakamatwa, ripoti inaingia kabatini na sisi wa fani mpaka leo hatujui ilikuwa zege, nondo au udongo. Watu wamekufa na somo nalo limezikwa. Na ukisimama kwenye kikao useme hesabu ya boriti ile niliikosea, jioni huna kazi, kwahiyo mtu anaficha, na simlaumu, anajilinda, ana familia.

Halafu kuna hili la kumuuliza mkubwa. Erasto Mpemba mnamjua? Mwanafunzi wa Tanzania, 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa, akauliza akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam aliyeitembelea shule yao, na yule bwana badala ya kucheka akaenda kujaribu, 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education. Utamu wenyewe ni kwamba 2016 watafiti wengine wakapima tena wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na wapo wanaowapinga mpaka sasa. Mi sijali sana nani atashinda. Swali la mwanafunzi limewatoa jasho wanafizikia miaka yote hiyo kwa sababu lilichapishwa, lingebaki darasani lingekufa siku ileile.

Ila msidhani huku ni peponi. Watu wanaandika makala ili wapande cheo tu, nyingine hata mwandishi mwenyewe sidhani kama anairudia kuisoma. 2015 kundi kubwa la watafiti walirudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokuwa yamechapishwa kwenye majarida ya heshima, yaliyotoa tena matokeo ya maana ni kama asilimia 36 hivi. Na makala nyingi zimefungwa, usipolipa husomi, ndo maana kila wiki kuna mtu wa nyumbani ananiomba nimshushie pdf. Lakini angalia, hata huo uozo wa saikolojia tumeujua kwa sababu wenyewe waliukagua wakauchapisha.

Na msiniambie kwetu hakuna maarifa, yapo, yamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anatupia picha ya nguzo iliyopasuka, wazee wanabishana mpaka saa saba usiku, hoja nzito mpaka raha, asubuhi yote yameshafunikwa na salamu za Ijumaa na video za vichekesho. Mabishano yale mtu akiyakusanya, akaweka mchoro na vipimo, akaondoa majina ya watu, hiyo tayari ni makala, tena bora kuliko nyingi ninazolipia huku. Nimeanza kuwasumbua wazee watatu wanirekodie sauti kuhusu kazi zilizowaharibikia. Wawili wananizungusha, mmoja amekubali ila kwa sharti nisitoe chochote mpaka alipwe kiinua mgongo chake.