Ushuru wa soko Kigoma: tunalipa, wanakusanya, ila hesabu hairudi sokoni

Jioni Ujiji kwenye kahawa mjadala wa ushuru hauishi, na siku hizi umegawanyika kambi mbili kabisa. Kambi ya kwanza inasema manispaa inatukamua, unalipa ukishusha mzigo, unalipa ya meza, unalipa leseni, na soko linabaki na matope yale yale. Kambi ya pili, na humo kuna wazee waliowahi kushika uongozi wa mtaa kwahiyo sio watu wa kupuuza, inasema sisi wenyewe ndo tatizo, tunapitisha mzigo alfajiri mkusanyaji hajafika alafu mchana tunadai taa, choo na ulinzi. Mimi nauza mawese na dagaa kwa kipimo, sio mfanyabiashara mkubwa, nalipa kama wengine, na nimewasikiliza wote hawa kwa muda mrefu. Kila upande una ukweli wake ila kuna kitu kipo katikati wote wanakiruka.

Nianze na upande wa halmashauri maana ndo hausemewi vizuri. Watu wengi wanadhani hela yote inayokusanywa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na sokoni mkurugenzi anakaa nayo ofisini anaipangia anavyotaka. Sio hivyo. Chukua elfu moja ya mapato ya ndani, yani yale halmashauri inayokusanya yenyewe, ukiacha zile fedha lindwa, zilizotengewa kazi maalum, kama za huduma za afya. Shilingi 100 hapo inatakiwa kisheria iende kwenye mikopo isiyo na riba, 40 ya wanawake, 40 ya vijana, 20 ya watu wenye ulemavu. Kuna sharti lingine kwamba asilimia 40, au hata 60 kutegemea halmashauri inakusanya kiasi gani, iende kwenye miradi ya maendeleo na sio matumizi ya kawaida. Kuna posho ya watendaji wa kata, ile ya laki moja kwa mwezi iliyotangazwa kwenye bajeti ya 2021, nayo inatoka humo humo kwenye mapato ya ndani, na Kigoma Ujiji ina kata 19, piga hesabu ni milioni 1.9 kila mwezi, milioni 22.8 kwa mwaka. Sio hela ya kutisha ila ni hela ambayo ipo ziwa likiwa na samaki au likiwa halina. Bado mafuta ya gari la taka, vikao vya madiwani, vibarua, umeme wa ofisi. Mishahara ya watumishi inatoka Hazina, hiyo ni nafuu kubwa, lakini kinachobaki cha kuzibua choo cha soko ni kidogo kuliko tunavyofikiria.

Alafu likaja la ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Sipingi kufungwa, dagaa walikuwa wamepungua na kila mvuvi wa Kibirizi alikuwa anajua hilo hata kama hasemi. Lakini angalia tarehe vizuri. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni, unaanza upya 1 Julai, kwahiyo kufungwa kule kulikaa katikati kabisa, mwezi na nusu ukala mwaka unaoisha na mwezi na nusu ukala mwaka unaoanza. Na Mei na Juni ndo miezi ambayo halmashauri yoyote nchini inahangaika kufikisha lengo la makusanyo kabla vitabu havijafungwa. Sasa lengo lipo pale pale na mwaloni hakuna kitu, mzigo utaangukia wapi kama sio kwa muuza nyanya, mwenye genge, mama wa mihogo? Hapa naielewa halmashauri na namwelewa mama wa mihogo, wote wawili wamebanwa na jambo ambalo hawakulipanga wao. Ila mmoja ana bajeti anayoweza kuipitia upya katikati ya mwaka na mwingine hana.

Upande wetu sasa, na sitaupendelea. Ni kweli tunakwepa. Mtu ana mzigo wa gunia ishirini anatangaza kumi na mbili. Mtu ana duka la jumla linalozungusha mamilioni anakaa kwenye makadirio ya duka la rejareja, akija ofisa anamwita kijana asimame kaunta yeye anatoka kwa nyuma. Wakwepaji wakubwa sio wauza dagaa wa sinia, wauza sinia hawana pa kujificha, ndo maana ushuru wa meza unakusanywa kirahisi na ushuru wa huduma unakusanywa kwa shida. Huu wa huduma kwa miaka mingi umehesabiwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo, na hapo wenye maduka wana hoja ambayo inabidi isikilizwe, kwamba ni mauzo sio faida. Ukiuza dagaa wa milioni 50 kwa mwezi, kwa kiwango hicho unatakiwa utoe laki moja na nusu hata kama mwezi huo mzigo ulinyeshewa ukaoza nusu. Hoja ni ya kweli, lakini wenzangu wengi wanaitumia kama leseni ya kuficha mauzo yote. Hapo tunamuonea yule wa sinia.

Kuna mkanganyiko mwingine mkubwa na huu nauona ndo unachochea hasira nyingi zisizo na anwani, yani hatujui nani anachukua nini. Barabara ya mtaani ikichimbika tunamtukana diwani, wakati toka 2017 barabara hizo zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bomba likikauka tunasema manispaa, wakati maji ni KUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme kila mwezi, ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida ikapanda 1,500 mwaka 2023, na mpangaji ndo mara nyingi anaumia kwa sababu ndo ananunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, anaamini kabisa hiyo hela imeingia kwa mkurugenzi, kumbe inapitia TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Kwahiyo mtu akijumlisha kila anachokatwa anapata picha ya manispaa tajiri sana inayomnyima choo. Picha sio sahihi, lakini nani amewahi kuja sokoni kumwelezea? Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kutojua kitu ambacho hakuna aliyelipwa kumwambia, na wapo wanaolipwa.

Ni hivyo hivyo na miradi mikubwa. Kigoma Ujiji imo kwenye miji 12 ya kwanza ya mradi wa kuboresha miji wa TACTIC, fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wakisikia mabilioni ya mradi wanauliza mbona taka hazizolewi. Ukweli ni kwamba hiyo ni mifuko miwili tofauti, hela ya mkataba wa ujenzi huwezi kuichota ukanunulie mafuta ya gari la taka, hata ungetaka. Lakini swali la mwananchi lina akili kuliko jibu analopewa. Chochote kitakachojengwa kwa mkopo, iwe soko, iwe mtaro, taa au stendi, siku mkandarasi akiondoka kitatunzwa kwa mapato ya ndani, kwa mia tatu na mia tano hizi hizi tunazolipa. Jengo jipya linataka mlinzi, maji, umeme, mtu wa usafi kila siku. Kama leo choo cha matundu manne kinatushinda, cha matundu ishirini tutakiendesha kwa hela gani? Nataka kusikia hiyo hesabu kabla ya utepe kukatwa, na nataka kusikia pango la kibanda kipya litakuwa kiasi gani, maana hofu ya wafanyabiashara wadogo ni kutolewa kwenye matope wapishe wenye mitaji.

Sasa kile kitu cha katikati. Halmashauri ikisemwa inajibu kwamba tumepata hati safi. Ni jambo zuri, hongera, lakini tuelewane hati safi ni nini. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anapotoa hati safi anasema hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa sawasawa kwa viwango vya uhasibu. Hasemi choo kimezibuliwa, hasemi hela imetumika kwa jambo lililokuwa la kwanza. Ndo maana ripoti zake, zile zinazopelekwa bungeni kila Aprili, kwa miaka mingi zinataja halmashauri nchini ambazo makusanyo ya mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru, hayakufika benki yote, fedha mbichi zinatumika kabla hazijaingia kwenye akaunti, mikopo ya vikundi hairudishwi. Mikopo hiyo ya asilimia 10 mpaka ikasimamishwa Aprili 2023, ikaja kurudi 2024 kwa utaratibu mpya, na Kigoma Ujiji ikawa kati ya halmashauri 10 zilizotajwa kujaribu kupitisha hela benki. Kwahiyo mtu anayesema hapa hakuna tatizo la usimamizi, sio mimi anayebishana naye, ni CAG.

Kuna soko moja la mkoa huu, jina libaki, nilikuwa nauza pale. Choo kiliziba karibu mwezi mzima, wanawake wanaomba kujisaidia kwenye nyumba za jirani kwa kulipia, na kila asubuhi kijana wa mashine anapita kama kawaida. Tulimuuliza, na yeye masikini ni kibarua tu, kazi yake ni kukusanya. Tukaenda kwa msimamizi wa soko, akatuambia ameandika barua juu, anasubiri. Hakutudanganya, barua tuliiona. Hela iliyokusanywa pale pale ndani ya mwezi ule ingezibua choo mara nyingi, ila haiwezi kutumika pale, ikitumika pale ndo hiyo hiyo fedha mbichi, ni kosa. Inatakiwa iende benki, iingie bajeti, irudi kwa utaratibu. Sheria iko sawa kabisa, ukiruhusu kila soko litumie inachokusanya wezi watakula yote. Lakini kurudi ndo hakupo, au kupo na sisi hatukuoni. Hata risiti zenyewe, zile karatasi za mashine, ukiziacha juani wiki chache maandishi yanafutika, mtu analipa mwaka mzima na mwisho wa mwaka ana kopo la vikaratasi vyeupe.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, viwango vya ushuru sio ugomvi wa kwanza. Nipo tayari kulipa hicho hicho. Ninachodai ni hesabu ya soko irudi sokoni, kwa soko moja moja, sio jumla ya manispaa nzima inayosomwa kwenye baraza la madiwani ambapo muuza mihogo hayupo. Ubao getini, mistari minne: mwezi huu hapa zimekusanywa kiasi gani, zimefika benki kiasi gani, zimerudi hapa kwa kazi gani, kinachosubiri ni nini na kwa nini. Mashine zinatoa takwimu hizo kila siku, hakuna wa kusema kazi ni ngumu. Najua nitaambiwa ubao utaleta vurugu, kwamba soko linalokusanya sana litagoma kusaidia zahanati ya kata ambayo haina soko. Ni hofu ya kweli na nimeifikiria, ila naona watu wakionyeshwa kwamba laki yao imejenga chumba cha kujifungulia Buhanda watanung'unika kidogo na wataelewa, kuliko sasa ambapo wanaamini imeliwa.

Na mji huu sio mgeni wa jambo hili. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa kati ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani kujaribu mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, OGP. Mwaka uliofuata nchi ikajitoa na jambo likaishia hapo. Kuandika makusanyo kwenye ubao wa soko hakuhitaji uanachama wa kimataifa. Kikao cha mtaa kijacho nitaenda na swali moja, makusanyo ya Mei, Juni, Julai na Agosti 2024, miezi ya ziwa kufungwa, soko kwa soko, nione nani alibeba pengo la dagaa.