Ganda lililopigwa mara moja: weka mizani pembeni, pima bega kwanza

Jamani hili jambo limenikaa muda mrefu sasa leo acha niliseme. Mtu anayepakia upya risasi zake mwenyewe anapata maganda ya risasi yaliyopigwa mara moja, tuseme mia tano hivi, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuyapima uzito moja moja, anayapanga kwenye vimakundi, halafu anaanza kuchonga unene wa shingo, yani wiki nzima inaishia hapo na hajui kabisa bega la ganda lake, yani pale mwili unapopungua kuingia shingoni, liko wapi ukilinganisha na chemba ya bunduki yake, pale ganda linapokaa wakati wa kupiga. Mi naona huko ni kuanzia mwisho. Usahihi unaotafuta kwenye ganda karibu wote unakaa begani na shingoni, uzito ni nyongeza ya baadae sana.

Na kabla ya bega kuna swali, limepigwa mara moja na bunduki gani? Kama ni ya kwako basi ganda lishachukua umbo la chemba yako, kinachobaki ni kulirudisha bega nyuma kidogo tu, kwa bunduki ya bolti, ile ya kukoki kwa mkono, nusu ya kumi ya milimita, yani 0.05 hivi, inatosha. Lakini kama umenunua, hujui limetokea wapi, inawezekana lilipigwa kwenye bombomu lenye chemba pana na ganda limetanuka mpaka chini karibu na kitako. Hayo lazima uyarudishe saizi mwili mzima, hakuna njia ya mkato. Soma na maandishi ya kitakoni, panga kwa kiwanda, na ya jeshi panga na mwaka. Ganda la jeshi la 7.62x51 mara nyingi ukuta wake ni mnene kuliko wa ndugu yake wa kiraia, .308, nafasi ya ndani inapungua, baruti ile ile inaleta presha kubwa zaidi, kwahiyo unaanza upya kutoka chini kama vile hujawahi kupakia. Pia praima za jeshi (praima ni kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) zinakuwa zimebanwa na chuma cha kitako chenyewe, ukishaitoa ile ya zamani usipoondoa ule ukingo uliobana, praima mpya inaingia upande au inapondeka.

Mimi niliwahi kununua mfuko nikaambiwa ni mara moja tu. Yalikuwa yanang'aa vizuri sana, na mng'ao ndo ulinidanganya. Nikachukua waya mwembamba nikaukunja ncha kama ndoano, nikauingiza ndani ya ganda nikawa nauvuta polepole kutoka chini kwenda juu ukutani, na kwenye ganda la tatu ncha ikakwama kidogo, kama kucha inavyokwama kwenye ufa wa meza. Nikalikata kwa msumeno kwa urefu. Juu kidogo ya kitako palikuwa na mfereji unazunguka ndani, ukuta umeliwa umebaki kama karatasi, na kwa nje ilikuwa ni mstari mwembamba tu unaong'aa kuliko sehemu nyingine. Ganda la hivyo linakatika vipande viwili ndani ya chemba na gesi inatafuta pa kutokea. Mfuko mzima ukaenda kwenye skrepa.

Mfereji ule unatokana na nini? Na bega kurudishwa nyuma kupita kiasi, ndo maana nasema pima. Ile tabia ya kukaza dai (kile chuma cha kwenye presi kinachorudisha ganda saizi) mpaka iguse kishikio cha ganda halafu unaongeza robo mzunguko inasukuma bega mbali kuliko inavyohitajika, ukipiga ganda linavutika kujaza chemba, ukirudia mara tatu nne ukuta umekwisha. Nunua kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kalipa, kile kipimo chenye taya, kinagusa katikati ya bega, toa praima ya zamani kwanza maana ikiwa imevimba inakudanganya kipimo, halafu shusha dai kidogo kidogo ukipima kila mara. Mafuta paka kwa vidole, kidogo mwilini, ndani ya shingo kidogo sana, ukizidisha yanakusanyika begani na kuacha vibonyeo, ukinyima ganda linanasa ndani ya dai na hapo jioni yako imeisha.

Shingo nayo. Shaba hii ni copa asilimia 70 na zinki 30, kila ukiifinya na kuitanua inakuwa ngumu, na ngumu inarudi rudi kama springi, sasa kila ganda linakibana kichwa cha risasi kivyake. Kuichoma shingo kwa tochi ya gesi sekunde chache inairudisha ulaini, ila moto uishie begani, kitako kikilainika ganda hilo ni la kutupa, hakuna mjadala, maana kitako ndo kinabeba presha yote. Ya kwangu yaliyopigwa mara moja huwa nayaacha bila kuyachoma, ya kununua nayachoma yote kwasababu sijui yamepitia nini.

Urefu ukate baada ya kurudisha saizi sio kabla, maana saizi yenyewe inarefusha ganda. Kwa .308 mwisho ni milimita 51.18, mi nakata kwenye 50.93 nalainisha mdomo ndani na nje, basi.

Na tafadhali usioshe kwa sabuni yenye amonia. Waingereza walipokuwa India karne ya 19 risasi walizohifadhi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua zilikuwa zinapasuka zenyewe bila kuguswa, na ilifika 1921 ndo utafiti ukaonyesha ni amonia inayotoka kwenye mkojo wa farasi inashambulia shaba iliyo na mkazo ndani yake. Maji ya moto, sabuni ya kawaida na asidi kidogo ya sitriki yanatosha kabisa.

Ule waya bado ninao, unakaa juu ya presi, na hakuna ganda linaloingia kwenye dai langu bila kupita pale kwanza.